Slaidi Ishirini za Damu ya Mbwa

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimeanza kazi. Kutwa nzima nimesema maneno manne: "shikamoo" mara mbili, "ndiyo" mara moja, na "asante." Shangazi ndiye aliyeniombea nafasi hii, yeye anadeki jengo hilohilo. Jioni alinisubiri mlangoni na ndoo yake.

"Umewasemesha watu, au umewatumbulia macho tu?"

"Nimewasemesha."

"Kwa sauti hiyohiyo? Basi hawajajua kama umefika."

Kituo kinatafiti ugonjwa ambao mbwa wanaupata kwa kuumwa na kupe. Vimelea wanatoka kwenye mate ya kupe, wanaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, wanazaana humo, kisha wanazipasua. Daktari anayeongoza utafiti ni mwanamke mrefu anayetembea kama mtu anayekimbilia basi. Ana vidonge vipya anavyotaka kuvijaribu kwa mbwa ishirini wagonjwa, mbwa wa watu, watakaokaa kwenye vizimba vya kituo hadi mvua ziishe. Kazi yangu ni kuosha vioo, kushika mbwa wakitolewa damu, na kuandika namba.

Mbwa waliofika ni sita tu.

Jumanne, 3 Machi

Nimeosha vioo mia moja na kumi. Mvua.

Alhamisi, 5 Machi

Sajenti, mbwa wa Baba, hajala tangu juzi. Asubuhi amekojoa mkojo mweusi kama chai isiyo na maziwa. Nimemfunua mdomo kama nilivyomwona Daktari akifanya. Ufizi umepauka.

Naandika hapa jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Baba hasikii.

Baba ni mlinzi wa mchana kwenye yadi ya mbao. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye msumeno mkubwa wa hapohapo, na ule msumeno ulimla masikio kidogo kidogo, kama mchwa. Sasa ni mwaka wa tatu hasikii honi, hasikii lori likirudi nyuma, hasikii mtu akimwita akiwa nyuma yake. Anasoma midomo. Asichokisoma anakicheka, maana wengi wanaosimama na mlinzi wanakuja kumtania.

Masikio yake ni Sajenti. Lori likipiga honi, Sajenti anamgonga goti kwa pua. Tajiri mwenye yadi akiita, Sajenti anageuka, na Baba naye anageuka. Wafanyakazi wanasema mlinzi na mbwa wake wamezoeana hadi shingo zao ni moja. Siku moja nilimpelekea Baba chakula nikamsikia Tajiri akisema juu ya mlinzi wa yadi nyingine, "Mlinzi kiziwi ni kufuli la karatasi." Watu walicheka. Baba alicheka kuliko wote. Jioni nilimweleza alichokicheka.

Hata Shangazi hajui, na tunatengwa naye na ukuta mmoja tu. Mdomo wake hauna komeo, na kwa bahati nzuri hahitaji kujibiwa. Baba akitikisa kichwa inamtosha.

Mama hayupo tena. Mimi ni kibarua wa msimu mmoja. Sajenti akifa, Baba hana kazi.

Nimemwandikia Baba kwenye karatasi: *Kituoni kuna dawa. Atakaa huko hadi mvua ziishe.* Mambo marefu huwa namwandikia, kwa sababu anasema midomo yangu haifunguki vya kutosha, kama dirisha la mtu anayedaiwa.

Alisoma, akaikunja ile karatasi mara nne. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, "Na mimi huko getini nitafanyaje?"



Ijumaa, 6 Machi

Sajenti ni namba saba. Aliingia kizimbani bila kubisha, akageuka, akakaa akinitazama hadi nikashindwa.

Jumatatu, 9 Machi

Ishirini wametimia. Leo tumewatoa damu ya kwanza. Mimi nashika kichwa, Daktari anachoma sikio, tone moja linawekwa kwenye kioo chembamba wanachokiita slaidi na kupakwa hadi liwe kama kivuli. Kesho zitaoshwa kwa spiriti, zitiwe rangi, zisomwe kwa hadubini.

Anayezisoma ni fundi wa maabara. Wote wanamwita Mzee Lenzi. Ana mkono wa kushoto tu kwa kazi zote. Wa kulia, anasema, ni wa kusalimia. Alinipa penseli.

"Namba unaandika hapa pembeni, kwa penseli. Penseli tu."

Nilitaka kuuliza kwa nini penseli tu. Sikuuliza.

Namba kumi na nne ni jike jeupe la fundi viatu. Mwenyewe anakuja kila siku mchana, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kumsimulia wateja wake wote. Leo nilimsikia akimwambia, "Yule mama wa visigino kaja tena. Nikamwambia, mama, tatizo si kiatu, tatizo ni unavyotembea na hasira." Jike linasikiliza kweli.

Jumatano, 11 Machi

Utaratibu nimeuelewa. Jumatatu damu, Jumanne slaidi, Jumatano Daktari anaamua. Ambaye slaidi yake inaonyesha vidonge vinafanya kazi, anaendelea na vidonge. Ambaye vimelea wamemzidi, anatolewa kwenye jaribio na kupigwa sindano ya zamani, ile inayojulikana kuponya. Sindano hizo ni chache na zinatoka mbali, ng'ambo ya mto.

Namba saba: vimelea wengi kiasi. Anaendelea na vidonge.

Nilimwuliza Mzee Lenzi kama huwa anamtazama pia mbwa mwenyewe. Ilinichukua kutwa nzima kuuliza.

"Natazama. Lakini mwenye mbwa akiwa na matumaini, mbwa wake anaonekana mzima. Akiwa na hofu, anaonekana maiti. Slaidi haina shemeji, binti."

Jumamosi, 14 Machi

Nimempelekea Baba chakula. Nimeona anavyofanya bila Sajenti. Amehamisha kiti chake hadi mbele ya dimbwi la getini. Hatazami barabara, anatazama maji. Lori likiwa bado kwenye kona, maji yanaanza kutetemeka, naye anainuka kufungua.

"Mvua imenisaidia," aliniambia. Kisha akainua kidole gumba na kuniuliza, "Sajenti?"

Nikainua changu.

Jumanne, 17 Machi

Namba saba: vimelea wamepungua nusu! Mzee Lenzi aliniruhusu kutazama. Ndani ya chembe ya damu kuna vitu viwili vidogo, vimeungana ncha kwa ncha kama mbegu mbili za tikiti. Ni vizuri kutazama. Niliona aibu kwamba ni vizuri.

Jumatano, 18 Machi

Amekula. Alinigonga goti kwa pua kupitia wavu wa kizimba. Gumba juu.

Jumapili, 22 Machi

Mvua siku nne mfululizo. Dimbwi la getini limekuwa bwawa, na matone yanalitetemesha muda wote. Baba hajui tena lipi ni lori na lipi ni mvua. Jana lori lilipiga honi hadi dereva akashuka kufungua geti mwenyewe. Tajiri aliuliza. Baba alisema alikuwa msalani.

"Msalani unaweza kwenda mara ngapi?" Baba aliniuliza, akanionyesha vidole. "Mara mbili nimeshakwenda."

Jumanne, 24 Machi

Namba saba: vimelea wachache tu. Daktari aliandika "vizuri" kando. Kesho anasafiri ng'ambo ya mto kuchukua sindano mpya. Kwenye friji imebaki moja.

Mzee Lenzi leo alikunja uso akisoma namba zangu. Penseli imebaki fupi kama jino. "Namba zako zinanong'ona kama mwenyewe," alisema. "Nitaandika vipi kwenye daftari kitu ninachokisikia kwa mbali?" Shangazi alikuwa anadeki, akacheka hadi akaegemea fagio. Nilikwenda kuosha vioo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa, 27 Machi

Daraja limefunikwa na maji. Daktari yuko ng'ambo. Amepiga simu: tuendelee kama kawaida.

Jumatatu, 30 Machi

Tumetoa damu mimi na Mzee Lenzi. Sajenti alikuwa mzito mkononi mwangu, kama amelala, lakini mchana wote ulikuwa wa kulala, wa mvua na giza.

Nimeandika namba kwa kalamu ya wino mzito, nyeusi, iliyokuwa kwenye droo ya Daktari. Kubwa, wazi. Hata aliye mlangoni angezisoma. Nikazipanga kwenye trei, ya kwanza hadi ya ishirini, kutoka kushoto. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi.

Jumanne, 31 Machi

Nilitoka kulisha mbwa. Niliporudi Mzee Lenzi alikuwa ameshaitumbukiza trei kwenye spiriti na kwenda ofisini kupokea simu ya Daktari. Muda ulikuwa umefika, nikaitoa.

Namba hazikuwepo. Hata moja. Spiriti yenyewe ilikuwa imegeuka kijivu. Ndiyo maana ya penseli: spiriti inafuta wino, penseli haiiwezi.

Slaidi ishirini, damu ya mbwa ishirini, zote zimefanana.

Nilisimama. Nilimsikia Mzee Lenzi akisema kwenye simu, "Ndiyo Daktari, mambo shwari." Nilijua la kufanya ni kwenda pale mlangoni na kusema tuwatoe damu upya. Ni maneno matatu. Nilifungua mdomo mle chumbani peke yangu, kujaribu, na sauti haikutoka hata kwa ukuta.

Kisha nikajiambia kwamba mpangilio haujabadilika. Nilizipanga mwenyewe, ya kwanza kushoto. Nikachukua kile kipande cha penseli nikaandika upya, moja, mbili, tatu, hadi ishirini, kutoka kushoto. Nilimaliza kabla hajakata simu.

Alizisoma mchana. Namba saba: safi kabisa. Kumi na nne: wamejaa tele, "kama sokoni," alisema.

Jumatano, 1 Aprili

Daktari amesema kwenye simu, "Fuateni slaidi." Sindano ya mwisho amepigwa namba kumi na nne.

Jike jeupe lilikuwa likitikisa mkia wakati sindano inaingia. Fundi viatu alinishika mikono yote miwili. "Mwanangu, ninyi mnaona ndani. Mimi nilidhani mzima!" Ameahidi kunitengenezea viatu bure hadi niolewe.

Sajenti hakusimama leo. Ufizi wake ni mweupe kama karatasi ya daftari hili. Nilimwambia Mzee Lenzi. Alikuja, akatazama, akakuna kidevu.

"Vimelea wameisha, damu ndiyo inachelewa kurudi. Slaidi imesema safi."

Nilitaka iwe hivyo. Gumba juu.

Alhamisi, 2 Aprili

Leo Mzee Lenzi alitia rangi slaidi nyingine, za mafunzo. Nilikuwa naosha vioo kando yake. Aliinua trei kwa mkono wa kushoto, na kabla ya kuitumbukiza akaizungusha, upande wa kushoto ukaenda kulia, ili mshikio umkae vizuri mkononi.

Anafanya hivyo kila mara. Huwa haina madhara, kwa sababu namba ziko pale pale.

Kwa hiyo Jumanne ile slaidi ya kwanza ilikuwa ya ishirini, na ya ishirini ilikuwa ya kwanza. Nimechora mistari ishirini chooni, kwenye karatasi, nikahesabu kwa kidole kutoka pande zote mbili. Nimehesabu mara tano. Ya saba inaangukia kumi na nne.

Ile damu iliyojaa kama sokoni ilikuwa ya Sajenti.

Maji yamepungua leo mchana. Watu wanasema gari la maziwa limevuka. Nilisikia tu, sikutilia maanani.

Nilimfuata Mzee Lenzi hadi mlangoni pake mara tatu. Mara ya tatu akaniuliza, "Unatafuta kitu?" Nikasema, "Fagio." Akanipa fagio. Nikafagia.

Nikisema, Shangazi ataaibika, mimi nitafukuzwa, na utafiti wa Daktari umeharibika wiki nzima. Nisiposema. Siwezi kumaliza sentensi hiyo.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Daraja limefunikwa tena.

Sajenti anapumua kama amekimbia, na hajakimbia. Nilimletea maji kwa kiganja. Alilamba mara moja kwa adabu, kama mgeni anayeonja asichokitaka.

Sijasema.

Jioni Baba alikuwa amelowa hadi mifupa. Siku hizi hakai, anasimama katikati ya geti kutwa nzima ili lori lisimame mbele yake hata asipolisikia. Moja lilisimama hatua moja kutoka kwake. Dereva alimtukana, Baba akacheka, kwa sababu hakujua ni matusi. Aliniuliza mimi, "Alikuwa anasema nini yule? Alikuwa na meno mengi."

Kisha kidole gumba. "Sajenti? Lini anarudi?"

Nikainua changu. Nimekuwa mtu wa namna gani?

Jumamosi, 4 Aprili

Nimesema. Si kwa mdomo. Niliandika yote kwenye karatasi, wino, spiriti, trei, mistari ishirini, nikaiweka chini ya hadubini mahali pa slaidi, nikasimama kando.

Mzee Lenzi alisoma akiwa amesimama. Alikwenda kizimbani, akatoa tone la damu ya Sajenti, akaitia rangi mwenyewe, akasoma. Alikaa na jicho kwenye lenzi muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Juzi gari la maziwa lilivuka," alisema, bila kuinua kichwa. "Daktari alisimama nalo ng'ambo. Aliniuliza kwenye simu kama kuna haja ya kulipakia sindano. Nikamwambia hapana, hakuna mbwa mwingine wa kupigwa sindano."

Nilikaa chini, sakafuni.

"Inuka," alisema. "Kutakuwa na wakati wa kukaa chini. Lete dripu."

Tumemtundikia maji. Tumemfunika kwa gunia. Daktari anazunguka kwa njia ya juu, milimani, safari ya siku mbili.

Jumapili, 5 Aprili

Nimekaa naye kutwa nzima. Nimemsimulia mambo kama fundi viatu anavyofanya. Niligundua nina maneno mengi. Sikio lake moja lilikuwa likigeuka kila nikinyamaza, kana kwamba anauliza, halafu?

Mzee Lenzi ameleta mkate tukala. Aliniambia mwaka wake wa kwanza alivunja chupa ya damu akasema ni paka. "Maabara haikuwa na paka," alisema. Nilijaribu kucheka.

Jumatatu, 6 Aprili

Sajenti amekufa saa nne asubuhi. Daktari amefika saa saba, matope hadi magotini, na kisanduku cha barafu mkononi. Sindano ilikuwa bado baridi.

Alimpapasa Sajenti shingoni, kisha akakaa kwenye ile ndoo ya fundi viatu.

"Nilikuona kimya," alisema, "nikadhani ni utulivu. Nikasema huyu binti atafaa, hana papara." Alivua kiatu, akamwaga maji. "Ulimwogopa nani? Mimi?"

Nilitikisa kichwa.

"Mzee Lenzi?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi nani?"

Sikujua. Bado sijui. Sauti yangu mwenyewe, labda, ikishatoka.

Amesema kesho nije. Slaidi zote za wiki ile tunazirudia, na mimi ndiye nitakayeandika kwenye ripoti kilichotokea, kwa maneno yangu, na jina langu.

Baba bado hajui.

Jumanne, 7 Aprili

Sikuweza kumwambia jana. Alipoinua kidole gumba, nilikwenda kulala na viatu.

Leo niliomba ruhusa saa tano nikaenda yadini. Karatasi niliiandika asubuhi: *Baba, Sajenti amekufa.* Niliiweka mfukoni. Mvua ilinikuta njiani, na nilipofika getini nikaitoa, ilikuwa imelainika kama uji, wino umeenea wote. Wino tena. Sikuwa nimejifunza hata hilo.

Baba alikuwa amesimama katikati ya geti na kofia ya koti la mvua imemfunika hadi machoni. Nyuma yake, chini ya bati, walikuwa Tajiri, dereva mmoja, na watu wa msumeno. Nilimwambia kwa midomo. Hakuona. Nikasema tena.

"Nini?" alisema Baba. "Umekuja na nini? Chakula?"

Nikasema tena, nikiwa nalia, na midomo inayolia haisomeki.

"Sikuelewi, mama. Nini?"

Nikapiga kelele. Sikuwahi kupiga kelele maishani mwangu. "BABA! SAJENTI AMEKUFA!"

Wakati huohuo umeme ulikatika na msumeno ukazimika, au ulikuwa umezimika kabla, sijui. Yadi nzima ilikuwa kimya. Sauti yangu iligonga bati na kurudi.

Baba alinitazama. Aliona watu wote wamegeuka, akaelewa nilichokifanya kabla yangu. Akanishika kichwa kwa mikono miwili na kusema, kwa sauti kubwa, ili wasikie, "Usipige kelele, mwanangu. Nimekusikia tangu ulipokuwa barabarani."

Tajiri alisogea hatua mbili nyuma yake.

"Mzee," alisema.

Baba alikuwa ananifuta uso.

"Mzee, geuka."

Nilijaribu kumwonyesha kwa macho. Macho yake yalikuwa yamejaa, hakuona.

"Mzee," alisema Tajiri, polepole, wala si kwa ukali, "nyumba yako inaungua."

"Pole mama," aliniambia Baba. "Pole, pole. Atakuwa hakuteseka."

Hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 9 Aprili

Baba amepewa barua. Mwisho wa mwezi. Tajiri ameandika kwamba ni kwa usalama wake mwenyewe, na huenda ni kweli. Lile lori lilikuwa hatua moja.

Shangazi alikuja, akapiga kelele dakika kumi kwamba tumemficha ndugu wa damu. Kisha akanyamaza, akamtazama Baba vizuri, akaniuliza chinichini, "Kwa hiyo yote niliyokuwa namwambia miaka mitatu?"

Nikatikisa kichwa.

"Hata siri zangu?"

"Hata siri, shangazi."

Alifikiri. "Afadhali," alisema, akaenda kwake, nikamsikia analia.

Ijumaa, 10 Aprili

Nimeandika ripoti. Kurasa mbili. Mvua kidogo.

Jumamosi, 11 Aprili

Leo jioni Baba alikaa mezani, akaninyooshea kiti.

"Miaka mitatu," alisema, "nimecheka vichekesho nisivyovisikia. Taya zilikuwa zinaniuma nikilala. Leo sikucheka hata kimoja. Jamaa alinitania, nikamwambia, bwana, sisikii, sema tena. Akasema tena. Wala hakikuwa kichekesho."

Nilivuta karatasi. Alijua nina jambo. Amejua tangu Jumanne. Nilianza kuandika, *Baba, kilichomuua Sajenti*, akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kizima, hadi ikafunikwa.

"Usiandike. Sema."

Nikaonyesha ukuta. Shangazi yupo.

"Asikie. Sema, nakutazama."

Nikasema. Mara ya kwanza haikufika, akatikisa kichwa. Nikafungua mdomo zaidi. Nikasema kwa sauti ambayo ilinitisha, sentensi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetupa matofali: kwamba sikuuliza kwa nini penseli. Kwamba nilichukua kalamu ya wino ili namba zangu zionekane. Kwamba zilifutika nikaziandika upya kwa kubahatisha, na sindano ya Sajenti akapewa mbwa mwingine. Kwamba Alhamisi nilijua, na Alhamisi dawa ingeweza kuvuka mto, na nilinyamaza Alhamisi na nikanyamaza Ijumaa. Kwamba nilikuwa nainua kidole gumba. Ng'ambo ya ukuta redio ilizimwa. Niliendelea. Mtoto wa jirani wa tatu aliuliza, "Nani anagombana?" na mtu akamwambia nyamaza.

Nilimaliza. Baba hakuwa ameondoa macho kwenye mdomo wangu hata mara moja. Uso wake ulikuwa umezeeka, lakini haukugeuka pembeni.

Alivuta kiti chake hadi magoti yetu yakagusana.

"Hapo kwenye kalamu sikupashika vizuri," alisema. "Rudia."

Nikarudia.